Naomba ushauri: nataka kupiga rangi mwenyewe Land Rover 109 ya marehemu baba, nipo Moshi

Mwana wa Kilema

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie kabla sijaanza maana kitu chenyewe nakithamini sana na sitaki kukiharibu.

Krismasi hii tulipopanda Kilema tulikaa kikao cha familia na ndugu zangu wakaridhia niichukue Land Rover ya baba. Ni 109 Series III ya mwaka 1976, ile ndefu ya stesheni wagoni (109 ni inchi kati ya tairi za mbele na za nyuma). Mzee aliifanyia kazi ya abiria miaka mingi, baadaye ikawa ya kubebea ndizi na kahawa, na tangu 2009 imekaa pembeni ya kihamba, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba na turubai juu yake lililokwisha. Nimeishusha kwa breakdown, gari la kuvuta, mpaka kwangu Pasua. Injini kuna fundi anaishughulikia, hilo halinisumbui, kinachonisumbua ni bodi.

Gereji mbili nimeshaongea nao na bei zao kwa sasa siziwezi, lakini hata kama ningeziweza, kusema ukweli nataka niifanye kwa mikono yangu. Baba alikuwa hampi mtu hata kuiosha. Mimi sio fundi, nafanya kazi ofisini, rangi niliyowahi kupaka ni geti la nyumbani na madawati ya shule ya mtoto basi. Nina uwanja wenye ukuta, nina banda la mabati lililo wazi pande mbili na nimeazima kompresa ndogo ya lita 25.

Hali ya bodi iko hivi: rangi ya juu ni kijani iliyopauka, kuna sehemu imebanduka unaona nyingine ya bluu chini yake, kwenye milango kwa chini kuna kama unga mweupe umefura chini ya rangi ukiugusa unapukutika, na chini ya miguu ya dereva kuna kutu imetoboa kabisa naona ardhi. Boneti limebonyea katikati kwa sababu watu walikuwa wanakaa juu.

Sasa maswali. Je, lazima nitoe rangi yote mpaka bati tupu? Kuna jirani anasema niloweke milango kwenye kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, eti rangi inavuka yenyewe bila jasho. Pia kwenye video nyingi naona watu wanapiga rangi ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuikaza, ndani ya banda tu wamevaa maski, inatoka inang'aa kama kioo, naweza na mimi? Na je, nikianza Januari hii nitawahi kabla ya masika?

Fundi Mstaafu A-Town

Mwanangu pole kwa msiba hata kama ni wa zamani, na hongera kwa kuichukua hiyo gari. Nimepuliza rangi Unga Limited, Arusha, zaidi ya miaka thelathini, sasa macho na kifua vimeniambia nipumzike, lakini la Land Rover siwezi kulipita.

Kwanza kabisa hiyo kostiki USIIGUSE. Mwambie jirani yako ahsante na uiache hukohuko kwenye sabuni. Hiyo bodi yako sio bati la chuma, ni alumini. Waingereza walipoitoa Land Rover ya kwanza 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, ndo wakatumia alumini kwenye bodi na chuma wakakibakiza kwenye chesisi na ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Kostiki inakula alumini yenyewe, inachemka, inatoa joto na hewa inayoshika moto. Utaloweka mlango jioni asubuhi utaukuta una matundu.

Chukua sumaku ya spika mbovu, zunguka nayo gari zima na chaki mkononi. Inaponasa ni chuma, weka alama. Isiponasa ni alumini. Utaona milango ngozi ya nje ni alumini ila fremu ya ndani chuma, na hapo ndo siri ya ule unga mweupe ulipo. Alumini na chuma vikigusana kukiwa na maji katikati, alumini ndo inaliwa. Ule unga ndo kutu ya alumini. Huwezi kuuzika kwa rangi, utarudi. Uukwangue mpaka ukutane na bati zima linalong'aa, halafu ufungue mahali maji yanapokaa, chini ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji na miaka yote hiyo vimejaa udongo wa kihamba.

Na usitumie brashi ya waya ya chuma kwenye alumini, inaacha chembe za chuma ndani ya bati na zile chembe zinaanzisha ugonjwa uleule. Grenda pia iweke mbali, alumini ni laini, sekunde mbili umeshachimba shimo. Msasa wa mkono na kibao, basi.

Sasa nikueleze kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado kijana tuliletewa Land Rover ya kubebea watalii, mwenyewe anaitaka haraka, tukaitoa rangi mpaka alumini inang'aa, nikaipiga praima, yaani rangi ya msingi, ile nyekundu ya kawaida tunayopiga kwenye chuma, nikamalizia na rangi. Ilitoka nzuri mpaka watu wanasimama kuangalia. Haikumaliza hata masika moja. Mwenyewe akairudisha, akashika ncha ya rangi kwenye madigadi kwa kucha akavuta, ikatoka kipande kikubwa kama ngozi ya kitunguu, chini yake alumini safi kabisa kama sijawahi kuipaka chochote. Nilirudia gari zima bila kulipwa. Alumini ikishakuwa tupu inajifunika yenyewe na utando mwembamba na praima ya kawaida haiushiki. Inataka praima ya asidi, ile inayong'ata bati, unapiga koti moja jembamba tu mpaka unaona bati kwa mbali chini yake, ikikauka unaifunika na praima nzito siku hiyohiyo. Usiiache ikalala na umande.

Kwa sababu hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, usitoe rangi yote. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri ndo msingi mzuri kuliko wowote utakaoujenga wewe. Toa iliyokufa, ile uliyoikwangua kwa kisu cha puti (ile pasta ya kuzibia mabonde) ikaondoka kirahisi, iliyobaki ipige msasa wa maji namba 320 mpaka isiwe na mng'ao hata kidogo na zile kingo za rangi iliyovunjika uzilaze mpaka ukipitisha vidole ukiwa umefumba macho usijue rangi inaanzia wapi.

Kabla ya yote hayo ijue hiyo rangi ya zamani ni ya aina gani. Chovya kitambaa cheupe kwenye tina kali (kiyeyushio) ya rangi za magari, kibandike mahali pa kujificha dakika moja au mbili. Kitambaa kikitoka na rangi, ni ile rangi inayokauka kwa tina kuruka. Rangi ikijikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa, ni rangi ya mafuta. Ikikaa kimya haifanyi chochote, iliwekwa hadina. Hili usilipuuzie maana ukipuliza rangi ya tina kali juu ya rangi ya mafuta inajikunja gari zima na utalia. Ya mafuta juu ya nyingine haina shida.

Boneti lako usijaze puti mpaka unene wa kidole. Lisukume kwanza kwa chini taratibu na kipande cha mbao na nyundo ya mpira, puti iwe ya kumalizia tu milimita moja mbili. Na ile praima ya asidi haipatani na puti, kwa hiyo puti ianze kwenye bati tupu ulilolikwaruza kwa namba 80, ukishainyoosha ndo praima ya asidi unaigusisha kwenye bati lililobaki wazi. Puti usiisugue kwa maji, inanyonya kama sponji na baadaye inatoa malengelenge chini ya rangi.

Pale palipotoboka chini ya miguu mpelekee mtu wa kuchomelea kabla hujafungua kopo la rangi. Usiniambie utaziba na faiba.

Mwana wa Kilema

Shikamoo mzee wangu, yaani umeniokoa, ile kostiki nilishainunua jana kilo mbili. Nitampa mama mdogo atengenezee sabuni.

Nimeenda na sumaku sasa hivi na tochi ya simu. Ni kama ulivyosema, boneti, milango, madigadi na paa hainasi, inanasa kwenye ukuta wa mbele na fremu za madirisha ya mbele. Kuna hizi pembe za kijivu juu ya ubavu zinanasa lakini hazina kutu kabisa, mbona?

Fundi Mstaafu A-Town

Marahaba. Hizo zimepigwa zinki toka kiwandani, zilitoka bila rangi na ndo urembo wake. Ziache hivyohivyo, zisugue na maji na sabuni tu. Waliozipaka rangi zote zimebanduka, utaona.

Nesi wa Zamu

Kaka samahani naingilia, mimi magari siyajui ila swali lako la hadina limenishtua na naona hajakujibu mtu bado.

Zile rangi za kuchanganya na hadina, nyingi hadina yake ina kemikali inaitwa isosayaneti. Ukiipuliza inakuwa ukungu mwembamba sana unaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Inaleta pumu kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na pumu maisha yake yote, na mwili ukishaikataa umeikataa moja kwa moja, baada ya hapo hata kiasi kidogo sana kinatosha kukubana kifua. Haina harufu ya kukuonya mapema, ile harufu unayoisikia ni ya tina.

Na maski. Hizi za kitambaa na zile za karatasi ni sawa na kutovaa kitu. Hata ile yenye vikopo viwili vya mkaa pembeni haitegemewi kwa hii kemikali kwa sababu huwezi kujua mkaa umechoka saa ngapi, na ukiwa na ndevu ndo kabisa hewa inapita pembeni. Wanaofanya kazi hii kwa usalama wanavaa maski inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba cha kupulizia, na chumba chenyewe kina feni za kuvuta. Kwenye video huoni ule mpira au mwenye video hana na hajaanza kuumwa bado.

Nasema hivi kwa uchungu maana kaka yangu wa kuzaliwa alikuwa anapuliza magari, amefanya kama miaka saba, anajifunga kitambaa puani na kunywa maziwa jioni wakiamini maziwa yanasafisha. Maziwa hayaendi kwenye mapafu jamani. Ilianza kama kikohozi cha usiku, akawa anaamka saa tisa anakaa kwenye ukingo wa kitanda kainama ameshika magoti anatafuta hewa. Leo hii akipita nje ya gereji wanapuliza kifua kinambana hapohapo barabarani. Ana miaka 41. Ameacha kazi, anauza vifaa vya maji sasa.

Wewe umesema banda liko wazi pande mbili na uko Pasua, nyumba zimebanana, ukungu ule utaenda kwa majirani na watoto wao. Tafadhali tafuta rangi nyingine.

Kingine, gari ya 1976, rangi za miaka ile nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Usisugue kavu vumbi likaruka. Sugua na maji, watoto wasicheze hapo, ule uji wa rangi uukusanye usiumwagie kwenye mboga, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mama Series

Aisee Nesi Mungu akubariki, hilo la maziwa nimelisikia mpaka kwa watu wenye gereji kubwa.

Mwana wa Kilema mimi niko Sakina Arusha na nina Land Rover fupi, 88. Niliipaka mwenyewe kwa ROLA. Najua kuna watu wataguna lakini Oktoba 2024 tulipokusanyika hapa Arusha kwenye lile tamasha la Land Rover nilikuwa nayo kwenye msafara na watu waliinama kuangalia ubavuni wakauliza nani amepuliza. Nilipowaambia rola hawakuamini.

Nitakueleza nilivyofanya. Rangi ni ya mafuta, ile inayokauka kwa hewa haina hadina kabisa, nunua nzuri ya vyuma na mashine usinunue ya milango ya ndani. Unaipunguza na tapentaini kidogokidogo mpaka inadondoka kwenye kijiti kama maziwa fresh, sio kama mtindi. Rola ni zile ndogo za sponji laini, nchi nne, sio za manyoya. Unapaka paneli moja kwa wakati, mlango mmoja, madigadi moja, unapiga juu chini kisha kushoto kulia na mwisho unapitisha rola ikiwa haina rangi, bila kukandamiza, uzito wa rola yenyewe tu. Vipovu vitatokea usivihangaikie, kama rangi ni nyepesi vinapasuka vyenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Vikibaki basi rangi yako ni nzito ongeza tapentaini.

Koti la kwanza litakutisha. Litakuwa jembamba madoa madoa unaona praima chini, utatamani kurudia hapohapo. USIRUDIE. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanarudia rangi ikiwa imeanza kushika inavutika inaacha mistari na chini inalia machozi. Acha mpaka kesho. Mimi nilipaka makoti saba, na kila baada ya makoti mawili nasugua kwa maji na msasa namba 800 umezungushiwa kibao, nikisikia msasa umeacha kukwaruza unateleza naacha. La mwisho nililiacha wiki tatu likakaza ndo nikapita 1500, 2000, halafu polishi kwa mkono. Mabega yaliuma wiki nzima lakini bati likawa sawasawa kama maji ya ndoo.

Muda wa kupaka pia ni kitu. Asubuhi umande ukishakauka kabla jua halijawa kali. Weka kiganja kwenye boneti, ukishindwa kuhesabu hadi kumi bati lina moto sana, rangi itakauka kabla haijatulia. Mwaga maji sakafuni kabla hujaanza ili vumbi lilale. Na usipake usiku kwa taa, mimi nilipaka paa saa moja jioni siku mvua imetoka kunyesha mchana, nikawasha taa ili nimalizie, nikaingia kunywa chai kurudi nakuta kumbikumbi wamejaa juu ya paa zima, wengine wanatembea, mabawa yamebaki yamesimama kwenye rangi. Ukiwatoa unaacha alama, ukiwaacha wanakaukia. Nilisubiri siku nne nikasugua lote nikaanza upya.

Kwa muda wako Januari na Februari zinakutosha kama utaanza sasa, ila usishindane na masika. Ikikukuta Machi na praima tu, ifunge ndani usubiri, praima inapitisha maji usiiache inyeshewe.

Dukoo Original

Mama Series hongera lakini mimi sikubaliani na rangi ya mafuta kwenye gari. Jua la Moshi lile la saa saba, mwaka wa pili inaanza kupauka, na mafuta ya breki au petroli ikidondokea inalainika. Na hiyo kompresa ya lita 25 si anayo? Achukue rangi ya tina isiyo na hadina, apulize. Inakauka dakika kumi, akikosea anasugua anarudia siku hiyohiyo. Pijo 404 ya mzee wangu, Peugeot kweli kweli ya zile zilizochukua Safari Rally mara tatu mfululizo 1966 mpaka 1968, niliipuliza hivyo mwenyewe na bado inaonekana.

Ila ajue kuna kazi. Kompresa ikizunguka muda mrefu inakusanya maji tumboni, yakitoka na rangi yanaacha vijicho, yaani vishimo vidogo, kwa hiyo afungue koki ya chini atoe maji kila baada ya paneli na aweke chujio la maji kwenye mpira. Lita 25 haiwezi gari zima kwa mpigo, hewa inaisha katikati ya mlango na rangi inaanza kutema matone, apige paneli moja asubiri ijae. Spreigani tundu la 1.4, umbali wa shibiri moja toka kwenye bati, mkono utembee sambamba na bati usizungushe kama feni, na kila mstari ufunike nusu ya uliopita. Na siku ya mawingu mazito kama hizi za Arusha mwezi wa saba asipulize, tina ikiruka inalipoza bati unyevu wa hewa unatua juu ya rangi inakuwa nyeupe kama imemwagiwa maziwa.

Fundi Mstaafu A-Town

Wote wawili mko sahihi, na wote hamjamtia huyu kijana kwenye isosayaneti, hilo ndo kubwa. Ila kumbuka kipimo cha kitambaa. Kama ile kijani ya juu ni ya mafuta, njia ya Dukoo imeshafungwa labda aitoe yote. Na hata hiyo ya tina avae maski ya vikopo vya mkaa, tina nayo inalewesha na inawaka, asiwe na jiko la mkaa karibu.

Kwangu mimi kwa gari ya kazi kama 109, rangi ya mafuta inamfaa. Akiikwaruza shambani anachukua brashi anapagusa, hahitaji kuniita. Kupauka kwake polishi mara mbili kwa mwaka inarudisha.

Kijana nikuongezee kimoja cha kukagua unyofu. Ukimaliza praima, chukua rangi nyeusi ya kopo la kubonyeza, ipulizie ukiwa mbali itue kama vumbi tu. Halafu sugua na kibao na namba 400. Weusi unaobaki ndo mabonde, bati linapotokeza mapema ndo milima. Jicho linadanganya ila ule weusi haudanganyi. Vaa soksi mkononi upitishe kiganja kizima, sio vidole, utasikia hata bonde la unene wa karatasi.

Mwana wa Kilema

Wakuu nimerudi. Wiki tatu hizi sikuandika maana kila jioni nikitoka kazini nipo kwenye banda mpaka giza.

Kitambaa kilijikunja, yaani rangi ilijikunja, kwa hiyo ni ya mafuta na nitaenda na rola ya Mama Series. Sakafu ya dereva imechomelewa vipande viwili vipya na pembeni yake fundi alikuta kingine kibovu tukakikata pia. Boneti limenyooka, puti niliyoweka ukiipima haifiki unene wa shilingi mia. Ule unga mweupe mlango wa nyuma ulikuwa umekula mpaka nje, nimekata nikaweka kiraka cha alumini kwa ribiti na katikati nimepaka silanti, gundi ya kuzibia, ili visigusane na chuma, ilikuwa ni wazo langu sijui kama ni sawa.

Lakini kilichonileta ni kingine. Juzi nasugua mlango wa dereva kwa maji, namba 320, kijani ikaisha nikaingia kwenye ile bluu, naona kuna kitu cha njano kinatokea. Nikapunguza mkono. Nikawa nafuta na kitambaa nasugua kidogo nafuta. Ikatoka herufi M, nzima, ya kuandikwa kwa brashi. Halafu A. Nilikaa saa nzima kwenye kigoda. Imeandikwa MARANGU – MOSHI na chini yake kwa herufi ndogo ABIRIA 12. Sikuwahi kuyaona hayo maandishi, mimi nimezaliwa gari ikiwa tayari kijani.

Sasa nimesimama. Nikipaka yanazama tena, nisipopaka mlango utakuwa tofauti na gari. Mzee naomba uniambie nifanyeje.

Fundi Mstaafu A-Town

Usiusugue tena huo mlango. Hata kidogo.

Kiraka chako na silanti ni sawa kabisa, ungekuwa kijana wangu wa gereji ningekupandisha daraja.

Nenda duka la vifaa vya shule nunua nailoni ile ngumu ya kufunikia madaftari. Lowesha mlango herufi zitokeze vizuri, kausha, bandika nailoni juu kwa tepu, na kabla hujachora herufi chora kwanza kitasa na kingo za mlango ili ujue mahali pake baadaye. Halafu fuatisha kila herufi kwa kalamu nyembamba ya wino usiofutika, makosa yake na yote, kama mstari umepinda upinde nao. Piga na picha ukiwa na rula pembeni. Ukishamaliza paka gari lako lote likauke mwezi, ndo urudishe maandishi kwa brashi ya manyoya marefu na njano ya mafuta ukifuata ile nailoni kama kiolezo. Ukitaka yale ya asili yabaki yenyewe, yazungushie tepu uache dirisha, lakini kwenye jua na mvua hayatakaa miaka mingi, nakwambia ukweli.

Mwana wa Kilema

Asante sana mzee. Nimeamua nitayafuatisha na kuyaandika upya juu ya rangi mpya.

Leo mama ameshuka kutoka Kilema nikampeleka bandani. Aliangalia muda mrefu akashika ile M kwa kidole. Nilidhani aliandika fundi wa mabango wa zamani hizo. Akasema hapana, ni baba yako, M yake mguu wa mwisho anaukunja kwa ndani, hata kwenye barua alizonitumia ni hivyohivyo. Kisha akaniomba kigoda.

Nailoni nimeshanunua mita mbili. Naanza kuchora kesho asubuhi kukiwa na mwanga.